Karakana ya Bi. Msasa: Mnauliza Chupa, Tatizo Liko Kwenye Pedi

Safari hii nimeweka kando barua za kutu na za vioo visivyopanda, zitasubiri. Rundo kubwa lililobaki mezani linahusu polishi ya magari, na karibu kila aliyeandika anataka nimtajie jina la chupa, wakati swali lake liko kwenye pedi, ile sponji au sufu inayofungwa kwenye mashine ya kusugulia. Majina nitayataja pale yatakaposaidia. Lakini someni barua za wenzenu hadi mwisho, maana wengi wenu mmeuliza swali moja kwa sura tofauti.

*

Shikamoo Bi. Msasa. Nina gari jeusi. Lilijaa vile vikwaruzo vya kuoshwa, vinavyoonekana kama mizunguko ukilitazama juani. Nikanunua kompaundi kali, nikaazima rotari, mashine ya kupigia polishi, yenye pedi ya sufu, nikalipiga gari zima. Kivulini linang'aa mpaka naziona ndevu zangu. Nikilitoa juani, boneti na milango imejaa mawimbi ya ukungu yanayotembea kadiri ninavyotembea. Ninunue polishi gani ya kuyaondoa? – Mwenye Gari Jeusi

Marahaba, mwanangu. Vikwaruzo vya kuosha umeviondoa kweli. Hayo unayoyaona sasa ni mapya, umeyachora wewe na hiyo sufu. Karakanani tunayaita hologramu. Rotari huzungusha pedi upande mmoja tu, kwa hiyo kila uzi wa sufu na kila chembe ya kompaundi hupita njia ileile na kuacha michirizi myembamba iliyolala pamoja. Jua likiipiga kwa pembe, inajitokeza kama wimbi. Gari lingekuwa jeupe pengine usingegundua. Jeusi halifichi kitu.

Kabla hujafungua pochi, jua kwanza unakata nini. Rangi ya kiwandani ina praima chini, rangi yenyewe katikati, na juu kabisa kliya, ile tabaka angavu inayobeba mng'ao na kuikinga rangi na jua. Zote pamoja huwa na unene wa maikroni (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) 100 hadi 150 hivi, na kliya peke yake mara nyingi ni 40 au 50. Unywele wa kichwani una kama 70. Mng'ao wote unaoupigania umo ndani ya kitu chembamba kuliko unywele, na tayari umeshakipitia mara moja kwa sufu. Ndiyo maana sitaki kusikia umerudi dukani kutafuta kompaundi nyingine "bora zaidi".

Kompaundi na polishi ni ndugu. Zote ni maji mazito yenye chembe ngumu, mara nyingi oksidi ya alumini. Zinatofautiana kwa ukubwa wa chembe na jinsi zinavyochakaa zikisuguliwa. Lakini chembe haiendi kwenye rangi peke yake. Inashikwa na pedi, na pedi ndiyo inayoamua izame kiasi gani. Polishi ileile ya kumalizia ukiitia kwenye sufu itakata na kuacha michirizi. Ukiitia kwenye sponji laini itakuachia kioo. Sufu inakata kuliko zote kwa sababu nyuzi zake zenyewe zinakwaruza, hata usipoweka dawa. Maikrofaiba inaifuata: inakata haraka na kwa usawa, ila kwenye kliya laini inaacha utando. Halafu ndipo zinakuja sponji: ngumu, ya kati, laini. Wewe ulianza na kali kuliko zote ukaishia hapohapo. Kazi haijaharibika, ila haijaisha.

Basi tafuta polishi ya kumalizia, ile yenye chembe ndogo kabisa. Meguiar's M205 ni mfano ambao wengi wanaufahamu, na zipo nyingine nzuri za daraja hilo; mimi sioni sababu ya kugombana juu ya nembo. Nunua na pedi za sponji, laini na za kati. Rotari mrudishie mwenyewe kwa shukrani, uazime DA, ile mashine ambayo pedi yake inazunguka huku ikiyumba. Kwa sababu ya kule kuyumba, chembe hazirudii njia moja, na hologramu hazipati nafasi ya kujichora. Wapo mafundi wanaomaliza kwa rotari bila kuacha alama hata moja, na ninawaheshimu, ila wameisotea miaka.

Osha gari vizuri. Pitisha klei, lile donge laini la dukani la kunasa uchafu ulioganda, juu ya rangi iliyoloa maji ya sabuni mpaka iwe laini mkononi, kwa sababu kibanzi kimoja cha chuma kikinaswa na pedi kitakukwaruzia mlango mzima. Ziba kwa tepu ya karatasi mipira, plastiki nyeusi na kingo zote kali za bodi. Kwenye kingo na mikunjo ndiko rangi ilikolala nyembamba kuliko pote, na ndiko wengi hutoboa.

Kisha chagua mahali pa kujaribia, katikati ya boneti, kama sentimita 40 kwa 40. Anza na mpole kabisa: sponji laini na polishi ya kumalizia. Piga, futa, kagua. Hologramu zikiwa zimeondoka, umepata dawa yako, usiende mbele hata hatua moja. Zikibaki, badilisha pedi tu, weka ya kati, polishi ileile. Bado? Sasa badilisha polishi, panda daraja moja. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, mwanangu. Ukibadilisha pedi, polishi na spidi kwa mpigo, hata ukipata matokeo mazuri hutajua yametoka wapi, na paa la gari litakuja kukuadhibu kwa kubahatisha.

Mkono nao una kazi yake. Pedi mpya ipake polishi usoni kote mpaka iloe kidogo, baada ya hapo matone matatu au manne madogo yanatosha kila sehemu. Washa mashine ikiwa imeshagusa rangi, la sivyo utapaka ukuta. Nenda polepole sana, sentimita mbili au tatu kwa sekunde, kila mstari ukipanda juu ya nusu ya uliotangulia. Kwanza wima, kisha ulalo. Pita mara nne hivi. Mpito wa mwisho uwe wa uzito wa mashine yenyewe, bila kuikandamiza.

Kukagua ndiko watu wanakojidanganya. Mafuta yaliyomo kwenye polishi hujaza michirizi na kukuonyesha kazi nzuri isiyokuwepo. Pulizia mchanganyiko wa spiriti ya isopropili na maji, robo kwa robo tatu, futa kwa maikrofaiba safi, halafu angalia juani au kwa tochi moja yenye mwanga mkali. Taa ndefu za dari za karakana hazifai; zinapendezesha kila kitu.

*

Bi. Msasa, fundi mmoja aliniambia nitafute "pedi ya njano, ndiyo ya polishi". Nimenunua ya njano, imenikata rangi kama msasa. Alinidanganya? – Njano Tupu

Hakukudanganya, kwake njano ni ya polishi. Rangi za pedi hazina kanuni inayowafunga watengenezaji wote. Kwa Rupes, njano ni ya kazi laini na buluu ndiyo kali. Kwa Meguiar's, njano ni ya polishi ya kati. Kwa Chemical Guys, katika zile pedi zao zenye vishimo vya pembesita, njano ndiyo ya kukatia kwa nguvu kuliko zote. Rangi ile ile, kazi tatu tofauti. Nyeusi kidogo inaaminika, watengenezaji wengi wameiweka kwenye kumalizia, lakini hata hiyo usiitolee kiapo.

Soma maandishi ya kwenye pakiti au mgongoni mwa pedi. Pedi ikiwa haina jina, tumia vidole. Ibonyeze kwa dole gumba: inayokataa kubonyea na ukiisugua kwenye ngozi ya ndani ya mkono inaparuza, hiyo ni ya kukatia, inayozama bila ubishi na kurudi polepole ni ya kumalizia. Vishimo na mistari usoni mwa pedi usiviangalie sana. Vinasaidia kidogo kwenye joto na kutawanya dawa, ila ugumu wa sponji ndio wenye kauli.

Na hiyo ya njano usiitupe. Siku utakapokutana na kinyesi cha ndege kilichokula kliya utaikumbuka.

*

Habari za kazi, Bi. Msasa. Nimenunua DA yangu mwenyewe, mpya, yenye mtupo wa milimita 15. Nafuata maelekezo yote, kompaundi nzuri, pedi ya kukatia, lakini haikati kitu. Nikikandamiza zaidi inalia tu. Boneti ikipata mkunjo ndiyo kabisa. Je, nimeuziwa mashine dhaifu? – Mnunuzi Mwenye Wasiwasi

Nzuri, kaka. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari mmoja kwenye kile kisahani kinachoshika pedi, kutoka katikati hadi ukingoni. Washa, fanya kazi, uangalie huo mstari. Nina hakika utauona umesimama au unajikokota. Pedi ya DA inayumba kwa nguvu ya mota, lakini kuzunguka kwake ni kwa hiari, kunatokana na ule mwendo tu. Ukiikandamiza kupita kiasi, au ukiiinamisha ikabeba upande mmoja, kuzunguka kunakoma. Inabaki kutetemeka mahali pamoja, na kutetemeka peke yake hakukati, kunapasha joto tu. Kwa hiyo unavyozidi kukandamiza ndivyo inavyozidi kukataa. Mashine yako ni nzima.

Mtupo, kwa wasomaji ambao hawajakutana nao, ni upana wa ule mzunguko wa kuyumba. Mashine za kawaida ni milimita 8, kubwa ni 15 na 21. Mtupo mkubwa unamaliza boneti na paa haraka, ila ukifika kwenye mkunjo au ukingo wa mviringo pedi inasimama upesi. Kwa hiyo kwenye mikunjo weka pedi ndogo, punguza mkandamizo, shika mashine ilale sawasawa. Zipo pia DA ambazo gia yake inailazimisha pedi kuzunguka; hizo hazisimami, ila zina ukali wao na hazimfai anayeanza.

Pedi zako nazo nina mashaka nazo. Nene sana hula mwendo wa mashine kabla haujafika kwenye rangi. Kwa DA chagua nyembamba. Iwe pana kuliko kisahani kwa sentimita moja hivi kila upande, isizidi sana. Pedi iliyoshiba dawa inateleza badala ya kukata, kwa hiyo ukiona inatapika punguza matone. Na jambo ambalo sijaona mwanafunzi akilifanya bila kukumbushwa: safisha pedi baada ya kila sehemu. Unachokiondoa kwenye gari hakipotei, kinahamia kwenye sponji, kinachanganyika na dawa iliyokauka, na sehemu inayofuata unaipaka uchafu huo. Brashi ngumu kidogo pedi ikiwa inazunguka, au hewa ya kompresa, sekunde chache tu.

Ndiyo sababu nikiulizwa pedi ngapi zinatosha gari moja huwa nataja idadi inayowaudhi watu: tatu au nne za kila hatua. Baada ya milango miwili sponji inakuwa na joto na unyevu mpaka katikati, inalegea, inakuwa pedi nyingine kabisa. Weka kando, chukua kavu. Pedi sita za kawaida zitakupa kazi nzuri kuliko mbili za kifahari, na hapo ndipo ningeweka fedha yangu kabla ya kufikiria chupa ya pili. Ukimaliza zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, zikamue bila kuzisokota, zikauke kivulini uso ukitazama chini. Ukiziacha mpaka kesho dawa itakuwa imeganda ndani.

*

Je, dawa ya meno inaondoa mikwaruzo? – Msomaji

Imetengenezewa meno. Chembe zake hazikupimwa kwa ajili ya kliya. Piga mswaki.

*

Bi. Msasa, mlango wa gari langu umepigwa rangi upya wiki iliyopita. Umetoka na vumbi kidogo lililonasa kwenye kliya na una chenga kama ganda la chungwa. Fundi aliyepiga anasema nisiguse miezi mitatu. Mwingine anasema yeye hupiga polishi kesho yake. Nimwamini nani? – Niko Njia Panda

Wote wawili wana hoja, dada, ila wanazungumzia vitu viwili. Polishi na nta si kitu kimoja.

Kliya ikishapigwa inakauka juu mapema, lakini ndani bado inatoa mvuke wa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, kwa wiki kadhaa. Ukiipaka nta au silanti, ile dawa ya kukinga rangi kwa juu, unaifunga pumzi. Hapo ndipo ile kanuni ya siku 30, 60 hadi 90 inapotoka, na fundi wako amekuwekea ya juu kabisa kwa usalama. Kukata vumbi na kupiga polishi ni habari nyingine. Kliya nyingi za karakana zinaweza kupigwa msasa na polishi baada ya siku moja au mbili, na zilizokaangwa kwenye tanuri la rangi mapema zaidi. Jibu kamili liko kwenye karatasi ya maelekezo ya kliya yenyewe, mwombe fundi akuonyeshe. Asipokuwa nayo, subiri. Kusubiri hakuharibu kitu.

Kinachowavutia mafundi kupiga mapema ni kwamba kliya mbichi bado laini, vumbi linatoka kwa mikono miwili tu. Ulaini huohuo unaiweka hatarini: inakwaruzika upesi, inapata moto upesi, na pedi ya kukatia inaweza kuikunja. Kwa vumbi lile dogo, msasa wa maji namba 2000 kwenye kitako kigumu kidogo, kwenye kidonda tu, kisha 3000 kuulainisha, kisha kompaundi kwa sponji ya kati na polishi kwa sponji laini. Polishi ichague isiyo na silikoni wala nta, zile zilizoandikwa kwamba zinaruhusiwa kwenye karakana ya rangi. Silikoni ikitawanyika, gari litakalopigwa rangi jirani yake litatoka na macho ya samaki, yaani vishimo vidogo vya duara kwenye rangi, na fundi wako hatakusamehe.

Chenga ya ganda la chungwa ningekuomba uitafakari mara mbili. Kuisawazisha ni kusaga vilele vyote vya kliya mlango mzima, na maikroni ulizosaga hazirudi. Tazama fenda na mlango wa nyuma: kama navyo vina chenga kiasi hichohicho kutoka kiwandani, mlango uliosawazishwa kama kioo ndio utakaoonekana wa ajabu. Mimi ningeondoa vumbi nikaiacha chenga.

*

Nilipeleka gari kupigwa polishi. Lilirudi halina kikwaruzo hata kimoja, nikalipa kwa furaha. Nimeliosha mara chache tu, vyote vimerudi, mahali palepale. Kikwaruzo kinarudije? – Nimeibiwa?

Hakikuondoka. Kilijazwa. Ziko dawa, nyingine zinauzwa kwa jina la gleizi, nyingine ni polishi za "hatua moja", ambazo zina mafuta na nta za kujaza mifereji ili mwanga usivunjike humo. Sabuni na mvua vikizitoa, mifereji inabaki kama ilivyokuwa. Kukata maana yake ni kushusha uso wa kliya hadi usawa wa chini ya kikwaruzo; kujaza ni kupandisha kikwaruzo kwa muda.

Uliibiwa au hukuibiwa inategemea ulichoahidiwa. Gari la zamani lililokatwa mara nyingi, kliya imebaki kidogo, mimi mwenyewe nitalijaza kwa moyo mweupe, na nitamwambia mwenyewe hivyo. Linalokusudiwa kuuzwa kesho likajazwa kimyakimya, hilo ndilo silipendi. Siku nyingine, kabla ya kulipa, mwombe fundi afute kipande kidogo kwa ule mchanganyiko wa isopropili na maji mbele yako. Anayejiamini atafuta huku anapiga stori.

Kuna kikwaruzo ambacho hata fundi mkweli hataweza kukiondoa: pitisha ukucha taratibu, ukinasa, kimeshuka chini mno. Kinaweza kupunguzwa kingo zake kikaonekana kidogo. Kukifukuza chote ni kutafuta rangi mpya.

*

Nasugua gari langu jekundu la zamani kwa polishi na kitambaa kinakuwa chekundu. Nimeshafika kwenye rangi? Niache? – Mwekundu

Usiogope. Magari mengi ya zamani hayana kliya. Rangi na mng'ao ni tabaka moja, na kila ukisugua inatoka kidogo. Nyekundu za aina hiyo hupauka juani kwa sababu uso wake umeoza, na polishi ya kati kwa sponji ya kati inaufunua ulio mzima chini yake. Badilisha pedi mara nyingi, maana zinaziba haraka na ile rangi iliyokufa, na lipake nta mara tu ukimaliza.

Ila kama unajua gari lako lina kliya na kitambaa bado kinatoka chekundu, zima mashine hapohapo. Umetoboa.

*

Shikamoo mama. Mume wangu amenunua mashine ya polishi na kila mwezi lazima alipige gari zima. Anasema anatumia "ile laini tu". Gari linameta, siwezi kukataa, lakini nimesoma kwamba rangi inaisha. Nimwachie au nimnyang'anye? – Mke wa Mpiga Polishi

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, halafu nikamhurumia, maana namjua mtu wa namna hiyo. Ni mimi kabla sijaanza kulipwa kwa kazi hii.

Polishi laini kwa sponji laini inaondoa kidogo sana, mara nyingi chini ya maikroni moja. Kompaundi kwa pedi kali inaweza kuchukua maikroni kadhaa kwa mpigo, na msasa zaidi ya hapo. Kwa hiyo hajalimaliza gari. Lakini kidogo mara kumi na mbili kwa mwaka si kidogo tena, na sehemu ya juu ya kliya ndiyo inayobeba kinga kubwa dhidi ya jua. Ikipungua sana, kliya itaanza kupauka na kubanduka kama ngozi iliyoungua, kwa kawaida kwenye paa na boneti. Kubanduka hakuna polishi.

Usimnyang'anye, mbadilishie mchezo. Mnunulie kipimo cha unene wa rangi, kile kinachowekwa juu ya bodi kikasoma maikroni. Kitamwonyesha unene wa tabaka zote kwa pamoja, si kliya peke yake, na kwenye bampa la plastiki vipimo vingi vya kawaida havisomi kitu. Apime gari zima, aandike kwenye daftari. Akikuta mlango unaosoma zaidi ya 200 wakati mingine inasoma 120, ajue ulishapigwa rangi upya. Akikuta mahali pa 80, pale asipaguse kwa mashine tena. Wapenda polishi ni wapenda namba. Utaona atakavyokuwa mchoyo wa maikroni zake.

Halafu muulize vikwaruzo anavyovifuta kila mwezi vinatoka wapi. Jibu ni kwamba anaviweka mwenyewe kila anapoosha. Ndoo ya pili yenye maji safi ya kusuuzia glavu, wavu wa kuzuia mchanga chini ya kila ndoo, glavu ya maikrofaiba badala ya sponji ya jikoni, kuanzia paa kushuka chini, na taulo la kukaushia la kulalisha na kuinua bila kuburuta. Juu yake silanti kila baada ya miezi michache, ambayo inapakwa kwa mkono au kwa mashine yenye sponji laini kuliko zote bila kukata chochote. Mashine ataendelea kuiwasha, mikono itatulia.

Kwa mwenendo huo polishi ya gari zima mara moja kwa mwaka inamtosha, pengine hata asiihitaji. Akilalamika, mwambie kuna barua hapa za watu wenye magari meusi.